Mrejesho: Maji ya vipepeo, Goma

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuwawekea vipepeo maji kwenye bustani yetu ya hapa Himbi, ambako chini ni mawe ya volkano na maji hayatuami. Asanteni sana! Nilifuata ushauri wa sahani pana ya udongo: mchanga, samadi kidogo, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole, maji ya kulowesha tu. Imefaulu. Jua likipanda, vipepeo weupe hutua kwenye mchanga, wakakunjua mrija ule mwembamba na kufyonza. Wengi huwa madume, wanafuata chumvi. Kivulini hawakuja kabisa, nikaihamishia juani. Ndizi mbivu niliyoweka kuwavutia ilileta sisimizi tu, nimeiondoa. Kiangazi mchanga hukauka upesi, kwa hiyo naulowesha kila asubuhi.