Zawadi ya Krismasi kiwango cha chini 100,000, na risiti uambatanishe? Ndugu zangu wamenishinda

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie. Cherehani nimeiacha kwanza maana nilishashona mkono wa gauni la mtu kinyume.

Jana usiku kwenye grupu la familia limetua tangazo. Krismasi tunakutana tena nyumbani Tukuyu, tutaokota majina kama mwaka jana, kila mtu anamnunulia zawadi yule aliyemuokota. Mwaka jana kiwango cha chini kilikuwa 50,000. Mwaka huu ni 100,000. "Ili tusiaibishane", ndivyo ilivyoandikwa, na vikopa vyekundu viwili pembeni. Halafu risiti iwekwe ndani ya mfuko wa zawadi.

Risiti! Watoto wa tumbo moja.

Mwenye utaratibu ni wifi yangu, mke wa kaka mkubwa. Wanakaa Dar, kaka ana kazi ya maana, Mungu amzidishie, sina kijicho na mkate wake. Ila na yeye asisahau kwamba ada yake ilitoka kwenye chai na ndizi za mama, na wakati huo sisi wa nyuma tuliambiwa tusubiri. Tulisubiri. Mimi nikaishia kwenye ufundi hapa Mwanjelwa, Mbeya.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Kuanzia miaka 12 unaingia kwenye kura. Nyumbani kwangu tuko watatu: mimi, baba watoto na binti yetu wa 13. Laki tatu. Hapo hatujapanda gari wala hatujanunua sukari ya kuingia nayo kwa mama. Kima cha chini cha mtumishi wa serikali kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na watu walishangilia. Mimi siyo mtumishi, mume wangu siyo mtumishi, lakini tunatakiwa tutoe zaidi ya nusu ya mshahara huo kwenye vifuko vyenye utepe.

Halafu anayepanga tarehe na viwango akiwa Dar haelewi kwamba huku Desemba hela iko ardhini. Mvua zetu zinaanza Novemba. Tumekodi heka moja na nusu Inyala, mahindi yameshapandwa. Ikifika Krismasi yanatafuta kimo cha goti, na hapo ndipo yanataka mbolea ya kukuzia. Hata kwa hii ya ruzuku iliyozinduliwa hapa hapa Mbeya kwenye Nanenane ya 2022, bado unatoa hela mfukoni, na mahindi hayana habari kwamba kuna kubadilishana zawadi. Ukichelewa wiki mbili utavuna magunzi.

Baada ya hapo inakuja Njaanuari. Binti anaingia kidato cha kwanza. Ndiyo, ada ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na begi havikufutwa.

Na msifikiri ni mimi tu nalialia. Mimi Desemba naiona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha fundi. Kuanzia sasa hadi tarehe 24 nitapokea wateja wa aina mbili. Wa kwanza anakuja na yadi 20 za kitenge kimoja, familia nzima wavae sare wapige picha, na anauliza kama naweza kumshonea na mbwa kitambaa cha shingoni. Sitanii, mwaka jana niliulizwa. Wa pili anafungua mfuko wa rambo taratibu, anatoa gauni la mwanawe la Krismasi iliyopita, anasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nishushie pindo, na hapa kifuani uachie kidogo." Miaka ya nyuma hao wa pindo nilikuwa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa hivi nina kapu lao peke yake chini ya meza. Nikiwashonea huwa napiga pasi pale alama ya pindo la zamani mpaka ifutike, maana watoto kanisani wana macho. Mtoto wa huku anaweza kukosa soda, lakini siku ile akivaa ya mwaka jana na mstari wa pindo unaonekana, atakaa nyuma ya mama yake ibada nzima.

Turudi kwenye familia.

Mwaka jana nilimuokota mtoto wa kaka. Nikamshonea shati la kitenge, kola ya kusimama, vifungo vya mbao. Nililishona usiku mara tatu baada ya kufunga kazi za wateja. Mteja ningemtoza 40,000, haifiki 50,000, nakiri. Wakati wa kufungua, wifi akalipindua akaangalia ndani ya mfuko. "Risiti iko wapi?" Nikamwambia nimeshona mwenyewe. Akacheka, akasema, "Aah wifi, basi umetupunja kazi ya mikono." Watu wakacheka. Kijana mwenyewe alilivaa palepale, Mungu ambariki, sina neno naye.

Aliyeniokota mimi aliniletea glasi sita za mvinyo, zile zenye mguu mrefu. Risiti 65,000. Wakuu, komoni, pombe yetu ya kienyeji, hainywewi kwa glasi yenye mguu. Ziko juu ya kabati, nikifagia natembea kwa adabu.

Lakini siyo kicheko kilichoniuma, ni tarehe 27 asubuhi, kaka na wifi wanaondoka. Gari lilipakiwa mikungu minne ya ndizi, debe la maharage, nusu gunia la viazi, ndoo mbili za maparachichi, kilo 20 za mchele aliopanda nao mama mdogo kutoka Kyela, na majogoo wawili waliofungwa miguu. Buti halikufunga, kaka akalikaza kwa kamba. Mama amesimama mlangoni anasema "ndaga fijo, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, anashukuru yeye! Kwa sababu aliachiwa blanketi.

Vitu vilivyoshuka kwenye lile gari vilikuwa zawadi, tukavipigia makofi na kuvikagua risiti. Vilivyopanda vinaitwa "vitu vya nyumbani". Havina bei, havina utepe, hakuna aliyevipiga picha. Mama ana miaka 71 na ile mikungu aliikata mwenyewe alfajiri.

Basi jana usiku baada ya lile tangazo nikakaa na kalamu. Nikaandika kwenye grupu: naunga mkono kiwango, ila na sisi wa huku tuweke thamani ya zawadi zetu za mwaka jana kwa bei ya Dar. Mikungu minne kwa 35,000, 140,000. Maharage kilo 18 kwa 3,500, 63,000. Mchele 64,000. Viazi 45,000. Maparachichi 40,000. Majogoo wawili 70,000. Jumla 422,000, usafiri hadi mlangoni bure. Kwa hiyo mama na mama mdogo mwaka huu wasiokote jina, na chenji yao irudi kwangu inilipie mimi na mwanangu.

Tiki za bluu zikajaa. Kimya. Mama mdogo peke yake akatuma sauti ya sekunde nne, anacheka tu.

Saa nne usiku kaka akanipigia. Hakusema nimekosea hesabu. Alisema, "Mdogo wangu, mambo ya mama huwezi kuyawekea bei, unatudhalilisha." Nikamuuliza, na shati langu je, mlilitafutia risiti ya nini? Akasema mtandao unakatakata. Mtandao Dar, mimi niliye huku milimani nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Leo asubuhi wifi ametoka kwenye grupu. Dada yetu wa Iringa ananiambia niombe radhi kwa ajili ya amani ya sikukuu. Siombi. Tukuyu naenda tarehe 24, na nitabeba cherehani ya mkono nimshushie mama pazia zake.

Ila nina ombi kwa mliopo Dar, hasa wa Mabibo sokoni. Mkungu mzima wa ndizi za Tukuyu sasa hivi unakwenda kwa ngapi? Hiyo 35,000 niliikadiria tu, na nahisi nimewapunja.