Mafuta bikira ya nazi: nipime nini kabla ya kulipia dumu?

fundi_losheni
Wakuu habari. Nanunua mafuta bikira ya nazi (yale yasiyosafishwa kiwandani) kwa madumu ya lita 20, yanatoka Pangani na Mafia, natengenezea losheni na mafuta ya nywele. Dumu moja jeupe kama maji, jingine la njano na lina harufu ya moshi, muuzaji anaapa yote daraja moja. Mengine yakikaa miezi miwili yananuka beberu. Wengine wanasema yakiganda kwenye friji basi ni safi. Kweli?

chicha_na_tui
Friji haitoshi mkuu. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo Arusha asubuhi ni jiwe na Dar mchana ni maji. Friji itakuonyesha yaliyochanganywa na alizeti tu, maana huacha utando laini usiokaza. Mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) yanaganda vilevile na yatakupita.

Anza na maji. Acha dumu litulie, chukua mrija mkavu unaoona ndani, ziba juu kwa kidole gumba, ushushe mpaka chini kabisa kisha achia kidole. Maji na mabaki ya tui hukaa chini, ndiyo maana muuzaji hukumiminia ya juu uonje. Halafu tia matone machache kwenye kijiko kikavu cha moto: yakitatarika, yana maji. Maji ndiyo mama wa huyo beberu. Yanavunja mafuta taratibu, asidi fupi za mafuta zinaachiwa huru, na hizo ndizo zinazonuka. Mara nyingi tui lililochachushwa lilichujwa kwa haraka, au kitambaa kilikuwa kibichi.

Njano na moshi ni kesi nyingine: ama tui limepikwa motoni kupita kiasi, ama ni mbata iliyokaushwa kwa moshi. Kwa vyovyote hayo si bikira. Rudisha.

tone_la_mwisho
Naongeza kipimo cha asidi, vifaa vyake si ghali. Pasha moto mililita 50 za alkoholi ya 95% yenye matone ya fenolfthalini (rangi inayogeuka waridi asidi ikiisha), tia kostiki soda yenye ukali wa 0.1 N tone kwa tone mpaka iwe waridi kidogo. (Ukiruka hatua hii unapima asidi ya alkoholi.) Changanya na gramu 10 za mafuta, kisha endelea na kostiki kwa bureti (mrija wenye alama za mililita) huku ukitikisa, mpaka waridi idumu sekunde 30. Kila mililita 1 ya hatua hii ya pili ni asidi 0.2% kwa hesabu ya lauriki, asidi kuu ya nazi. Na 0.2% ndiyo kikomo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Nazi, kwa hiyo ikizidi mililita moja una la kumwambia muuzaji.

Angalia sana vyeti vilivyoandikwa "imefaulu Codex". Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu mafuta bikira yawe na peroksaidi (kipimo cha mafuta kuharibiwa na hewa) hadi 15. Kikomo cha Jumuiya ni 3. Karatasi ni halali, mafuta yamechoka.

Kwa mise, omba maabara wapime namba ya aidini (huonyesha kiasi cha asidi za mafuta zisizoshiba): nazi ni 6.3 hadi 10.6, mise huanzia 14.1. Ila mchanganyiko mdogo unaweza kujificha humo.

fundi_losheni
Asanteni wakuu. Na akichanganya na mafuta ya nazi yaliyosafishwa kiwandani?

tone_la_mwisho
Hapo ndipo pagumu. Ni nazi ileile, asidi zake za mafuta zilezile, kwa hiyo aidini haioni kitu, na asidi huru inaweza hata kushuka. Inabaki pua: yaliyosafishwa hayana harufu kabisa. Tunza chupa ndogo ya mzigo unaouamini, iwe ya kioo cheusi na ijae mpaka shingoni, unuse sambamba na mzigo mpya, yote yakiwa ya vuguvugu.

fundi_losheni
Nina madumu mawili yenye beberu. Nikiyachemsha?

chicha_na_tui
Kupasha nyuzi 50 au 60 bila mfuniko kunaondoa maji, asidi inabaki. Fanya hivyo kwa mafuta ambayo bado hayanuki, ukayachuje kwa kitambaa kikavu. Hayo mawili peleka kwenye sabuni: kilo 1 inakula kama gramu 183 za kostiki, weka 174 ili ibaki ziada ya mafuta 5%. Na usinunue bikira kwa ajili ya sabuni, mkuu. Harufu unayoilipia inaishia kwenye kostiki.