Siku mbili Oktoberfest, bia inauzwa kwa lita: nichague viwanda gani?

Kaunta_Malindi

Hamjambo wadau. Mimi ni mtu wa kaunta kwenye hoteli moja hapa Malindi, upande wa Casuarina, mwaka wa 11 huu namiminia watu bia. Dada yangu ameolewa Munich, Ujerumani, na safari hii viza imetoka (hadithi ya viza tuiache, nitalia). Nafika Alhamisi tarehe 17 Septemba 2026, naondoka Jumatano tarehe 23. Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya mji huo, inaanza Jumamosi tarehe 19, kwa hiyo nitakuwepo siku za mwanzo kabisa.

Taabu yangu ni hii. Nilidhani sherehe kubwa namna ile itakuwa na viwanda vya bia mia. Nikafungua daftari niandike orodha. Akilini mwangu ilikuwa kama maonyesho ya kilimo ya Mombasa, unapita kibanda kwa kibanda, unaonja funda, unasonga. Kumbe kila ninapouliza natajiwa majina yale yale: Augustiner, Paulaner, Hofbräu, Löwenbräu, Spaten, Hacker-Pschorr. Na kumbe hakuna funda. Kipimo ni lita. Mwaka 2025 lita moja iliuzwa kati ya euro 14.50 na 15.80, yaani zaidi ya shilingi elfu mbili kwa gilasi moja! Bajeti yangu ni gilasi nne kwa siku mbili, chakula atanisaidia dada.

Shemeji ni Mjerumani mzaliwa wa Munich, lakini hanywi bia. Hata tone. Yeye ni juisi ya tufaha na maji ya gesi. Wanaume wote wa Bavaria, dada yangu akampata huyo.

Basi nisaidieni, nianze na kiwanda gani na niache kipi? Nimechoka na wageni wa Kijerumani wanaoketi kaunta yangu wakaanza "bia ya kwetu, bia ya kwetu" nami sina la kujibu.

Mgema_wa_Ganda

Kaka, hilo swali hata sisi wa mangwe (vilabu vya mnazi) tunalo. Ukiingia kijiji kigeni humuulizi mgema mnazi wake ukoje, kila mgema atakwambia wake ndio asali. Unatazama wazee wameketi kwa nani, na wewe unavuta kigoda hapo hapo.

Halafu lita moja ndiyo inakutisha? Huku kwetu kadzama (chombo kizima cha mnazi) ni ya kufungulia mazungumzo tu.

Mzee_wa_Maweni

Bia ni bia. Hayo majina sita ni ya kuwachanganya wageni, mwenye mali ni mmoja. Ingia hema la kwanza utakaloliona, kunywa, rudi nyumbani. Mambo ya kuchagua ni ya watu wenye pesa.

Nuru_wa_Shela

Assalam aleikum. Mimi sinywi na sitamshauri mtu kunywa, hilo liwe wazi. Ila nimeendesha magari ya watalii miaka mingi, na kuna mzee wa Munich niliyekuwa nikimpeleka Gede na Marafa kila Januari. Siku moja tulimlisha samaki wa kupaka nyumbani, akasema na kwao sherehe hiyo ina hema la samaki, wanamchoma kwenye kijiti mzima mzima. Jina lake Fischer-Vroni. Mtu wa pwani asiende huko kote akala nguruwe.

Na huyo shemeji asiachwe nyumbani. Mzee yule aliniambia mahemani bia isiyo na kileo ipo, na soda zipo.

Kaunta_Malindi

Waaleikum salaam, shukran sana. Fischer-Vroni nimeiandika. Mgema, wewe nitakujibu tukionana Ganda.

Mama_Sabaki

Nimeusoma uzi huu kwenye treni nikacheka peke yangu. Niko Bavaria mwaka wa tisa. Misimu miwili nimeosha vyombo ndani ya hema mojawapo pale (silitaji, mwenye jiko bado ana mshahara wangu wa siku mbili). Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho, nikiwa na povu la sabuni hadi viwikoni.

Kwanza, daftari lako lifunge. Viwanda ni hivyo sita tu, kwa sababu sharti ni bia itoke kwa viwanda vya jadi vya Munich na iwe imepikwa ndani ya mji. Mahema makubwa ni 14, na madogo yapo mengine. Kila hema kubwa lina kiwanda chake, hukuti Paulaner na Spaten kaunta moja. Kwa hiyo huchagui kiwanda peke yake, unachagua hema, na kiwanda kinakuja na hema.

Mzee wa Maweni amekosea lakini hakukosea kote. Majina sita, wenyewe wanne. Spaten na Löwenbräu ni mali ya kampuni moja ya kimataifa, AB InBev. Paulaner na Hacker-Pschorr ni kundi moja. Hofbräu ni ya serikali ya jimbo la Bavaria, naam, serikali inapika bia. Augustiner imebaki peke yake, sehemu kubwa ni ya wakfu, na wao huhesabu mwaka wao wa kwanza kuwa 1328. Mtu mwenye gilasi nne na wenyewe wanne, hesabu inakaribia kujifanya.

Lakini wewe ni mtu wa kaunta, kwa hiyo nakwambia jambo ambalo nisingemwambia mtalii. Mahema mengi bia inatoka kwenye matangi makubwa ya chuma. Augustiner bado wanatumia mapipa ya mbao ya lita 200. Kaa mahali unapoweza kumwona anayemimina. Pipa likiisha lingine linaletwa, linatobolewa, na bomba linaanza tena. Mimi nilikuwa natoroka sinki kwenda kuchungulia hema la jirani. Halafu angalia mstari wa lita kwenye gilasi, na povu limeishia wapi. Kuna chama kizima Munich kazi yake ni kuwapigia kelele wanaopunja kipimo! Wageni wako wakianza "bia ya kwetu", waulize kuhusu hicho chama uone watakavyochangamka.

Sasa Mgema, kadzama na hii si kitu kimoja. Tusker ya nusu lita ina kileo asilimia 4.2. Bia ya Oktoberfest ni kama asilimia 6, na ni lita nzima. Piga hesabu: gilasi moja inakaribia Tusker tatu kubwa. Inateleza kooni kama maji, ndiyo ubaya wake. Kaunta, gilasi mbili kwa siku zinatosha kabisa, na usianze kabla hujala.

Mgema_wa_Ganda

Tusker tatu kwa gilasi moja? Nimefuta niliyosema kuhusu kadzama.

Binti_Watamu

Mimi nilikwenda 2019 na rafiki zangu. Hofbräu msimpeleke mtu, jamani. Wageni watupu, watu wamepanda juu ya mabenchi, nilimwagiwa bia mgongoni nikanuka mpaka hotelini. Hacker ndilo hema zuri, dari lake limechorwa mbingu ya samawati na mawingu meupe, ukiinua macho unasahau uko ndani.

Na usibebe mkoba mkubwa. Zaidi ya lita tatu hauingii, walinzi wanakurudisha mlangoni. Keshi mkononi.

Mama_Sabaki

Binti, nakubali kuhusu mkoba. Kuhusu Hofbräu nakataa kidogo. Sheria ya mahemani ni kwamba usipokaa hupewi bia, na nafasi zinajaa. Hema la Hofbräu lina sehemu kubwa ya kusimama mbele ya bendi na pale unahudumiwa ukiwa wima. Kwa mtu asiye na meza aliyekwama saa tisa mchana, hiyo ni rehema. Tena darini kumetundikwa hopsi (maua yanayotia bia uchungu) na sanamu ya malaika. Tatizo ni usiku. Mahema yote mpaka saa kumi na mbili jioni yanapiga tarumbeta za kienyeji kwa sauti ya wastani, baada ya hapo ndipo mabenchi yanapandwa. Mtu anayetaka kuonja bia aende mapema. Siku za kazi bia inaanza saa nne asubuhi.

Na Jumamosi ya ufunguzi, Kaunta, iache. Najua inavutia. Meya wa mji anagonga bomba kwenye pipa la kwanza saa sita kamili mchana hema la Schottenhamel, na kabla yake hakuna hema linalouza bia. Watu wanaingia tangu saa tatu asubuhi na kukaa mbele ya meza kavu. Utachoka kabla hujaonja. Nenda Jumatatu na Jumanne.

Kaunta_Malindi

Mama, Mungu akubariki. Basi nimepanga hivi: Jumatatu saa nne asubuhi hema la Augustiner, nione mapipa. Jumanne Fischer-Vroni, nile samaki. Viwanda viwili, gilasi mbili mbili. Hofbräu na Hacker nimewaachia wengine.

Mama_Sabaki

Ngoja. Fischer-Vroni nao wanauza Augustiner. Ukifanya hivyo utakunywa kiwanda kimoja siku zote mbili.

Kaunta_Malindi

Alaa!

Nuru_wa_Shela

Samahani kaka, mimi nilikutajia samaki tu, kiwanda sikuuliza.

Mama_Sabaki

Wala si hasara, imekurahisishia. Jumatatu nenda Fischer-Vroni moja kwa moja. Samaki wa kijiti na Augustiner ya pipa mahali pamoja, hema lenyewe ni dogo kuliko yale makuu, utaona kila kitu. Makrili ndiye wa kuagiza, ngozi yake inakauka vizuri. Usitarajie ukwaju wala nazi, ni chumvi na moto. Jumanne inabaki wazi kwa kiwanda kingine.

Na hicho kingine usikichague kwa majina wala kwa dari. Siri ya wenyeji ni hii: viwanda vyote sita vinatia bia ya sherehe kwenye chupa za nusu lita, na msimu huo zinauzwa madukani mjini kwa bei ambayo ukilinganisha na ya hemani utadhani umeibiwa. Nunueni chupa sita, moja ya kila kiwanda. Mkae mezani kwa dada yako, vigilasi vidogo vya chai, kila mmoja funda mbili tatu. Hiyo ndiyo maonyesho ya kilimo uliyokuwa unayataka. Itakayokushinda kuisahau, hema lake ndilo la Jumanne. Chupa tupu rudisheni, kila moja ina senti zenu.

Mzee_wa_Maweni

Sasa kama za chupa zipo dukani, hemani anakwenda kufanya nini?

Mgema_wa_Ganda

Mzee, kwani mnazi hauuzwi kwenye chupa za plastiki barabarani? Mbona wewe bado nakuona mangweni?

Kaunta_Malindi

Hahaha. Mama, swali moja la kazi. Ya chupa na ya pipa si zitatofautiana? Mimi hapa bia moja ikikaa juani dakika kumi mgeni anairudisha.

Mama_Sabaki

Zitatofautiana. Ya pipa la mbao ina gesi ndogo, laini zaidi, na haikai saa nyingi kabla ya kuisha. Ya chupa inauma ulimi kidogo. Lakini shayiri ni ile ile na hopsi ni zile zile. Utajua nani anapika tamu ya mkate na nani anapika kavu. Spaten na Hacker kwangu mimi ziko mbali sana, mume wangu anasema nazua. Ndiyo maana nakwambia uonje bila kuona lebo. Ukiona jina tu ulimi unaanza kusema uongo. Mgema atakubaliana nami.

Mgema_wa_Ganda

Nakubali kwa mikono miwili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mnywaji akisikia mgema kasifiwa, hata maji atayasifu. Fumba macho, onja.

Binti_Watamu

Mimi bado nasema Hacker.

Kaunta_Malindi

Mpango mpya basi. Jumamosi napumzika, naangalia meya kwenye televisheni. Jumapili tunakwenda dukani kununua chupa sita, jioni tunaonja. Jumatatu Fischer-Vroni saa nne. Jumanne hema la mshindi. Nikirudi nitaandika hapa hapa.

Mama_Sabaki

Jumapili maduka ya Ujerumani karibu yote yamefungwa. Nunueni Jumamosi asubuhi kabla mji haujafurika, na mziweke baridi.

Kaunta_Malindi

Nimempigia dada sasa hivi. Atanunua Ijumaa kabisa. Na lebo tumepata wa kutufichia: shemeji ndiye atakayemimina jikoni na kutuletea vigilasi vyenye namba. Kasema yeye hajali ipi ni ipi.