Naomba ushauri: Jumamosi nizungumze kuhusu fedha za mpaka mpya, au ninyamaze?

MtuWaMbuyuni (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, huu ni uzi wangu wa kwanza. Nauza nafaka soko la Mbuyuni hapa Moshi, ila kihamba chetu, shamba la ukoo, kiko huko juu, karibu na Kenya. Mama na mke wangu wanaishi huko, mimi hupanda kila Ijumaa. Wilaya na kijiji sitavitaja, mnisamehe.

Kuna mpango wa kufungua njia mpya ya kuvukia kwenda Kenya. Nimeusikia tangu nikiwa kijana. Mwaka huu umeingia kwenye mapendekezo ya bajeti ya halmashauri yetu: mapato ya ndani yachonge barabara ya kilomita nne hadi kwenye bikoni, yaani nguzo ya mpaka, yatengeneze na maegesho ya malori. Fedha hizo hizo ndizo tuliahidiwa zingeezeka zahanati. Boma tulilijenga wenyewe, kila kaya ilitoa elfu thelathini na siku mbili za kusomba mawe. Limefika lenta, limekaa mwaka wa tatu bila bati. Mvua zilizopita mke wa jirani yangu alijifungulia njiani, akitelemshwa kwa bodaboda.

Jumamosi ni mkutano mkuu wa kijiji. Nikisimama nitaambiwa napinga maendeleo. Nikinyamaza, wiki ya pili sasa sipati usingizi. Nifanyeje?

VitunguuArusha
Pole mkuu. Mimi napeleka vitunguu Nairobi kutoka soko la Kilombero hapa Arusha, kwa hiyo mpaka wa Namanga naujua kama sebule yangu. Zamani unagonga mhuri kwetu, unavuka, unaanza foleni upya kwao. Tarehe 1 Desemba 2018 Magufuli na Uhuru wakazindua Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani, sasa unapita upande unaotoka bila kusimama, unamaliza yote kwenye jengo la nchi unayoingia. Kwangu mimi ni nafuu kubwa, kitunguu hakisubiri mtu.

Ila dada yangu alikuwa na mgahawa pale. Chakula chake kilikuwa kinaliwa na madereva waliokwama. Lori likipita haraka, nani atakula? Alifunga, sasa yuko Ngaramtoni anafuga kuku. Kwa hiyo wakikuambia malori yatalala kijijini kwenu, waulize yatalala kwa sababu gani.

MekuWaKibosho
Mangi, simama useme. Babu zetu walichimba mifereji ya maji kutoka mlimani kwa mikono, hawakungoja mtu wa bajeti. Siku hizi tunaogopa hata kunyoosha mkono mkutanoni! Vijana mmekuwa waoga sana, na mkutano ukiisha ndio mnaongea, kwenye pombe ya mbege.

KiatuChaRongai
Babu Meku, mbege nayo ni mkutano mkuu, akidi haikosekani 😀

MchumiMstaafu
Nilikuwa mchumi wa halmashauri moja kwa miaka mingi, si ya huko kwenu. Naomba nieleze kidogo kwa sababu watu wanachanganya mambo.

Halmashauri haifungui mpaka. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Kamishna wa Forodha ndiye anayetangaza kwenye gazeti rasmi njia ambazo mizigo inaruhusiwa kuvukia. Bila tangazo hilo, na bila Kenya kuleta barabara inayokutana na yenu, kilomita nne zenu zinaishia kwenye majani. Angalieni mpaka wa Holili na Taveta: kituo kilizinduliwa 2016 kwa ufadhili uliopitia shirika la TradeMark East Africa, na barabara ya Arusha hadi Holili imepata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hiyo ndiyo mifuko inayojenga mipaka, si ushuru wa soko.

Na halmashauri itapata nini? Watasema ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiofika tani moja ukasamehewa unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Huko mpakani mtu anavuka na gunia mbili juu ya pikipiki. Utamtoza nini huyo? Kumbuka pia asilimia 10 ya mapato ya ndani inatoka kwanza kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachobaki ni kidogo mno, na bati za zahanati zinatoka humo humo.

Kwa hiyo usipinge. Uliza. Tangazo la forodha lipo? Barua ya upande wa Kenya ipo? Wakishindwa kujibu, andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30. Ukiuliza hivyo hakuna atakayekuita mpinga maendeleo.

MtuWaMbuyuni
Asante sana mzee. Shida ni kwamba nikiuliza kuhusu njia yenyewe inapopita, mambo yatakuwa mengi.

MamaHimo
Kaka yangu, nimeuza mahindi Himo miaka ishirini. Machi 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, nilikuwa na magunia 140 juu ya lori. Jengo zuri la Holili lilikuwepo, maofisa walikuwepo, lami ilikuwepo. Mahindi yalirudi Himo nikayauza kwa hasara, mwanangu wa pili akakaa nyumbani muhula mzima. Ndiyo maana mtu akiniambia mpaka ni utajiri, huwa namwangalia tu.

Sasa wewe. Mtu anayelilia bati za zahanati anakasirika, hakosi usingizi wiki mbili. Na kwa nini njia inapopita ndiyo inayokutisha? Una shamba huko?

MtuWaMbuyuni
Dada, umeniuliza kwa upole, nitajibu kwa upole. Ndiyo. Mwaka juzi nilinunua ekari moja na nusu kando ya njia ya ng'ombe inayokwenda kwenye bikoni. Nilikopa SACCOS milioni nane. Diwani wetu ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ndiye aliyeniambia barabara itapita hapo na watakaoguswa watalipwa fidia.

Mwezi uliopita alinionyesha mchoro mpya. Barabara imehamia upande wa pili wa korongo, kwenye mashamba ya watu ambao nami nawajua. Kwangu haigusi hata mgomba.

Lakini hoja ya zahanati ni ya kweli, shamba liwepo lisiwepo. Naombeni msiichanganye.

KiatuChaRongai
Aisee. Kwa hiyo mchoro ungebaki pale pale, uzi huu tusingeuona?

MtuWaMbuyuni
Sijui mkuu. Nimejiuliza swali hilo usiku. Ila nilichangia lile boma na mawe nilisomba mwenyewe, kabla sijanunua chochote.

MekuWaKibosho
Kumbe! Nafuta niliyosema. Huyu anatafuta fidia. Ardhi ya mpakani inaliwa na wajanja wa mjini, wenye kijiji wanabaki kuangalia. Tumekwisha.

MchumiMstaafu
Tusimpige mawe, kanunua kwa fedha yake na hajavunja sheria kwa kununua. Mwenye kesi ni diwani. Kikao kikijadili jambo lenye maslahi yake au ya ndugu zake, anatakiwa atamke maslahi hayo na akae pembeni. Je, alitamka?

Na kuhusu fidia, wengi wanaota. Kulipwa kunaanza na uthamini rasmi, na uthamini unafuata uamuzi wa kutwaa ardhi. Mchoro kwenye simu ya shemeji hauna thamani mbele ya mthamini. Hata wale wa ng'ambo ya korongo hawajashika kitu bado.

MtuWaMbuyuni
Hakutamka. Nisingependa jina lake liharibike, ndiye aliyenisomeshea mdogo wangu.

Jicho_la_Majengo
Wakuu amkeni, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Akaunti yake ina siku mbili. Wilaya hataji, kijiji hataji. Anakaa Moshi mjini lakini anahudhuria mkutano mkuu wa kijiji? Shemeji diwani, korongo, mjamzito kwenye bodaboda, kila kitu kimekaa mahali pake kama mchezo wa redio. Kuna mtu anautaka udiwani wa kata hiyo na anatafuta maneno ya kutembea nayo. Au ni mwandishi anatafuta habari ya bure. Weka mchoro hapa tuuone.

KiatuChaRongai
Na mimi nilianza kunusa majani ya chai. Weka picha mkuu.

VitunguuArusha
Hata kama ni chai, alichoeleza mzee Mchumi si chai. Mimi nimejifunza.

MamaHimo
Mimi naamini anasema kweli, kwa sababu bado anaficha. Mwongo angekuwa ameshamaliza hadithi.

Jicho_la_Majengo
Dada, huo si ushahidi. Alete kitu.

MtuWaMbuyuni
Mchoro siwezi kuuweka, utamtambulisha mtu. Nimejiandikisha kijijini, kura yangu iko huko, na familia yangu iko huko. Mkitaka kujua kwa nini silali, basi.

Nimeshapata mnunuzi wa lile shamba. Ni mtu wa Arusha, mwalimu anayekaribia kustaafu, anataka kujenga vyumba vya wageni pembeni ya barabara ya mpaka. Tumekubaliana milioni kumi na moja. Ameshanipa nne, nimezipeleka SACCOS zote, karatasi ya mapokezi ninayo mkononi naiangalia. Jumapili anakuja kumalizia saba na kusaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Jumamosi nikisimama kuuliza njia inapita wapi, hadi Jumapili asubuhi kijiji kizima kitakuwa kimeshasema imehama.

Sijamdanganya. Hajaniuliza kama ramani imebadilika. Na ardhi ni ardhi, hata bila barabara itapanda bei. Hapa Moshi kila mtu anauza kwa matarajio.

MamaHimo
Mchoro wa zamani ulimwonyesha?

MtuWaMbuyuni
Nilimwonyesha. Siku ile ulikuwa bado wa kweli.

VitunguuArusha
Hapa nimeishiwa maneno. Mzee wangu alinunua kiwanja kwa habari za njia ya basi ambayo haikuja. Alikuwa akitupeleka kukiangalia kila sikukuu, anatuonyesha mahali pa duka, mahali pa choo cha abiria. Aliyemuuzia alikuwa anajua. Tulikuja kuambiwa msibani kwa mzee, na aliyetuambia ni huyo huyo muuzaji, akilia.

MekuWaKibosho
Mwalimu! Mafao ya mwalimu!

MchumiMstaafu
Nitakuambia kama mwanangu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mtu aliyekubali kwa kuelezwa jambo lisilo kweli haki ya kuuvunja mkataba. Ulimpa picha, ukajua picha imebadilika, ukanyamaza hadi asaini. Kunyamaza kwa namna hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuficha. Anaweza kudai zote kumi na moja, na wakati huo utakuwa umeshazila. Ukimwambia sasa, deni lako ni nne tu, na huenda akalitaka shamba kwa bei ndogo.

Na ukishamwambia yeye, Jumamosi mdomo wako uko huru. Unaanza kwa kusema, jamani nina shamba upande wa zamani wa njia, halafu unauliza habari ya bati.

MtuWaMbuyuni
Nne zimeshakwenda SACCOS mzee. Hazirudi. Tarehe 28 kuna rejesho lingine. Nikimpoteza huyu mwalimu nitauza nini, magunia ya maharage? Ninyi mnaongea kama watu wasio na deni.

MamaHimo
Magunia 140, kaka. Nililipa kidogo kidogo miaka miwili. Najua usiku wa deni ulivyo.

Mpigie leo. Usingoje Ijumaa, Ijumaa utakuwa kwa mkeo na shemeji atapita kusalimia.

Jicho_la_Majengo
Mimi bado nasema chai. Ila kama ni kweli, mpigie mwalimu.

KiatuChaRongai
Mrejesho mkuu?

MtuWaMbuyuni
Nimempigia saa kumi, alikuwa darasani, hakupokea. Nimemwandikia ujumbe: "Mwalimu, kabla hujaja Jumapili kuna jambo kuhusu barabara." Nimeuandika, bado sijautuma.

MamaHimo
Nipo macho. Ukiutuma niambie.

MtuWaMbuyuni
Nimetuma. Anaandika.