Peugeot 504: ninunue ya pili ya kung'oa spea, au nitafute kimoja kimoja?

Mwana504
Wakuu, nina Peugeot 504 saluni, injini ya 2.0, gia ya usukani, niliyoachiwa na marehemu baba. Naiendesha kutoka Kasarani hadi mjini kila siku na injini haina neno. Taabu ni raba za milango zilizokauka, kitasa cha mlango wa nyuma, na difu (lile boksi la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma) inayolia nikifika mwendo wa 70. Kuna mzee Nakuru anauza 504 iliyosimama: injini imekufa, bodi haijaliwa na kutu, anataka 80,000, na brekdauni ya kulivuta ni juu yangu. Nichukue, au niendelee kuzunguka maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi? Ndugu yangu anasema niuze nihamie Corolla.

Spana_13
Kaka, tenganisha spea za kuchakaa na spea zilizoadimika. Breki pedi, plagi, gasketi, beringi na paipu za breki nunua mpya. Raba za mzee wa Nakuru zimepigwa na jua miaka ile ile kama zako, usizihesabu kwenye bei. Raba ya mlango inauzwa kwa mita, unachagua inayokaribiana na ya zamani.

Gari la spea linanunuliwa kwa ajili ya vioo, vitasa, taa, dashibodi, na hiyo difu. Hapo ndipo uwe macho. Saluni nyingi za 504 nyuma zina magurudumu yanayojitegemea, kila moja na shafti yake. Steshini wagoni na pikapu zina ekseli nzima, na hata saluni nyingine za bei ya chini zilitoka hivyo. Kwa nje huwezi kujua. Usipoinama kuangalia chini utabeba difu isiyokuingilia popote. Tena 504 propela yake, ile shafti ndefu inayozungusha difu, imo ndani ya paipu inayoshika gia boksi na difu, kwa hivyo kazi ya kuitoa si ya asubuhi moja. Weka hela ya fundi kando.

Mtu_wa_Umoja
Mimi naungana na ndugu yako. Corolla ikiharibika, jioni iko barabarani. Injini, gia boksi, taa, zote zimejaa madukani. 504 utaipenda lakini itakulaza gereji.

Spana_13
@Mtu_wa_Umoja, Corolla ina spea kwa sababu magari ya Japani yanavunjwa huko na vipande vyake vinaletwa hapa kwa makontena. 504 ni ya Ufaransa, haimo kwenye makontena hayo. Spea zake za mtumba zinatoka kwenye 504 zilizokufa humu humu nchini, na kila mwaka zinapungua kwa sababu watu wanaziuza kwa kilo. Ndiyo maana kwa gari hili gari la pili lina maana. Mwenye Corolla akinunua ya pili kwa spea, nitamwambia apeleke hela benki.

Na gari lililoshinda Safari Rally 1975 na tena 1978 halistahili kuuzwa kwa sababu ya kitasa.

Mama_Tumaini
Wanaume mnazungumza difu, hakuna aliyeuliza gari litakaa wapi. Mwana504, unakaa ploti ya kupanga? Sisi tuliweka Datsun ya spea kwenye uwanja wa kulipia. Kufika msimu wa mvua, panya wamekula nyaya zote na vioo vya pembeni vimeondoka usiku. Ukilipa 3,000 kwa mwezi, miaka miwili ni 72,000, karibu umenunua gari lingine la mzee.

Ushauri wangu: usiliweke zima. Lichinje mara moja, vitu vidogo vitie kwenye makopo na kuandika kila kopo ni boliti za wapi, vioo vifunge blanketi visimame wima, kisha ganda liondoke.

Karatasi_Kwanza
Dada amesema kweli, ila ganda lisiondoke kiholela. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, mnunuzi wa chuma chakavu anatakiwa awe na leseni. Linganisha namba ya chesi na logbuku kabla ya kutoa hata shilingi. Hamisha umiliki NTSA, wale wa kusajili magari, halafu ukishalivunja ufute usajili, ili namba zake zisije zikaonekana kwenye gari lingine. Na ukihamisha injini siku moja, namba mpya lazima iingizwe kwenye logbuku yako.

Wagoni_Thika
Mimi nina 504 wagoni. Difu yako sina haja nayo, lakini nahitaji boneti, madigadi ya mbele na radieta. Nachangia 30,000 na nusu ya brekdauni. Nina uwanja Thika, tulivunjie hapo. Hiyo injini iliyokufa pia tusiitupe: laina za 504, yaani mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka, unaweka mpya na pistoni zake bila kukereza bloku. Kama bloku haijapasuka, ni mali.

Mwana504
Nimewasikia wote, na @Mama_Tumaini umenigusa, ploti yetu haina hata nafasi ya pikipiki. @Wagoni_Thika nimekubali, nakuandikia pembeni. Jumamosi naenda Nakuru na fundi wangu. Tukikuta chini kuna ekseli nzima, kwangu biashara imekufa, na hii difu yangu nitaipeleka ifunguliwe iwekwe beringi mpya. Corolla hapana.

Spana_13
Beba jeki, tochi na beseni. Fungua boliti ya chini ya difu umwage mafuta kidogo, uyasugue kwa vidole. Yakiwa meusi tu, sawa. Ukihisi mchanga wa chuma, difu ile inalia kuliko yako, na bei ishuke au murudi.