Bawaba za kabati la jikoni, milango miwili ya katikati inagongana, nifanyeje?

mama_kgb
Habari zenu wakuu, niko Kigamboni, naomba msaada kabla fundi hajarudi kesho asubuhi. Nimetengenezewa kabati la chini la jikoni, MDF (ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya 18 mm, milango minne na ubao mmoja wa katikati unaoligawa kabati pande mbili. Bawaba nilinunua mwenyewe Kariakoo, zile za kikombe ambazo mlango ukifungwa huzioni, muuzaji akaniuliza nataka fulu au hafu nami nikasema nipe fulu zote nane maana nilidhani fulu ndo imara zaidi. Sasa mlango wa kwanza na wa nne iko sawa, ila wa pili na wa tatu, ambayo yote miwili imeshikwa na ule ubao wa katikati, inagongana, ukifunga mmoja mwenzake unampanda. Halafu kati ya mlango wa kwanza na wa pili umebaki mwanya kidole kinapita. Fundi anasema dawa ni kuranda milango na mimi roho inasita, ishapigwa rangi tayari.

kijana_wa_mbao
Dada pole. Hizo bawaba zina skrubu ya mbele kwenye mkono, ukiizungusha mlango unasogea kulia au kushoto. Jaribu hiyo kwanza kabla ya kuranda.

seremala_keko
Mkuu hapo juu, hiyo skrubu ni ya kurekebisha milimita mbili tatu hivi, hapa tatizo ni kubwa kuliko hapo. Dada, toa bawaba moja uitazame kwa ubavu. Fulu mkono wake umenyooka, hafu umepinda kidogo, na ile ya mlango unaoingia ndani ya boksi imepinda sana. Hakuna iliyo imara kuliko mwenzake, kinachotofautiana ni mlango unakalia wapi. Fulu inaufanya mlango ufunike kama 16 mm za ubao, sawa kabisa kwa ubao wa pembeni maana pale mlango uko peke yake. Ila ubao wako wa katikati una 18 mm na milango miwili inaugombania, kila mmoja unataka 16, jumla 32, lazima wagongane. Hafu inafunika kama 8, mara mbili ni 16, unabaki mwanya wa 2 mm katikati ambao ndo unaotakiwa.

Na huo mwanya wa kidole ndo unanionyesha fundi wako alikata milango vizuri. Vipimo viko sawa, bawaba ndo zimeisukumia milango katikati. Kwa hiyo TAFADHALI asirande. Tundu la kikombe ni la 35 mm na kawaida linaachwa kama 5 mm toka ukingo wa mlango, ukiranda upande huo hata 6 mm tu tundu linafunguka pembeni, mlango umekufa. Ukiranda upande wa pili haisaidii chochote, ule ukingo unaogongana uko palepale. Nimeona milango mingi mizuri ikiharibiwa hivi na inauma sana.

Nunua hafu nne tu, za milango hiyo miwili. Tundu ni lilelile, na kitako kilichofungwa kwenye ubao kinabaki ukipata bawaba za kampuni ileile, kwa hiyo beba moja ya zamani dukani ulinganishe kikombe, matundu ya skrubu na inavyonasa kwenye kitako. Skrubu zisizidi 16 mm, ndefu zaidi zinaweza kutokea upande wa pili.

wa_raskazone
Naongezea moja kwa sababu uko Kigamboni karibu na bahari kama sisi huku Tanga. Nilifunga za bei rahisi zinazong'aa, haikuisha miaka miwili kutu ikatoka kwenye kikombe ikachirizika kwenye rangi nyeupe ya mlango, haifutiki. Siku hizi naenda dukani na sumaku ndogo, ikinata kwa nguvu kwenye kikombe na mkono najua ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Ulizia stenlesi ya daraja la 304, na hasa kwa mlango wa chini ya sinki usibane hela. Skrubu nazo ziwe stenlesi, wengi wanasahau hapo.

mama_kgb
Wakuu Mungu awabariki. Nimeenda na bawaba mkononi nikapata hafu nne, fundi kazifunga ndani ya nusu saa, milango imetulia na ule mwanya wa kidole umepotea wenyewe. Nilimwonyesha lile tundu lilivyo karibu na ukingo, akaliangalia kimya halafu akarudisha randa kwenye mkoba. Swali la mwisho, nataka na kabati refu la stoo, mlango mmoja wa mita 2, bawaba mbili zitatosha?

seremala_keko
Hapana dada, mbili ni kwa mlango mfupi usiozidi kama 90 cm. Wa mita 2 weka nne, na za juu mbili zisogeze zikaribiane kidogo kwa sababu bawaba ya juu ndo inavutwa zaidi na uzito. Na kama utautengeneza kwa mninga badala ya MDF niambie upana wake kwanza kabla hujanunua.