Karatasi za marehemu baba zimejaa chumba: niziteketeze vipi bila kuacha siri za watu mitaani?

Binti wa Isevya (Tabora)

Wakuu, habari za leo. Nahitaji ushauri wa watu wenye uzoefu na nyaraka.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Alifanya kazi reli, na alipostaafu akawa katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa tumbaku kule Urambo. Kote huko hakuwahi kutupa karatasi. Chumba cha uani kina masanduku ya bati yaliyojaa hadi vifuniko havifungi, na viroba vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Nimeanza na sanduku moja. Kuna hati za mshahara, vitabu vya benki, vyeti vya matibabu, kadi zetu za kliniki tulipokuwa watoto, vivuli vya vitambulisho vya wakulima, na madaftari ya mikopo ya mbolea yenye majina na alama za dole gumba. Kaka yangu ndiye msimamizi wa mirathi, bado hajapeleka hesabu mahakamani.

Baba mdogo anasema tuwauzie wanaofunga karanga sokoni, maana karatasi zinanunuliwa kwa kilo. Nimekataa. Juzi nilinunua karanga stendi, nikafungua ile karatasi nikakuta ni fomu ya hospitali: jina kamili la mama wa watu, umri, kijiji anachotoka na ugonjwa anaotibiwa. Mama huyo yupo, pengine tunapishana naye barabarani, na hajui kwamba habari zake zimeuzwa pamoja na karanga. Sitaki baba yangu wala wakulima wake wafanyiwe hivyo.

Kuchoma naogopa. Ni kiangazi, upepo mkali, na nyumba za uswahilini mnajua zilivyobanana. Mashine ya kukatia karatasi sina. Nifanyeje?

Kijana wa Ipuli

Pole na msiba dada. Mbona kazi ndogo, tumbukiza kwenye shimo la choo usiku mmoja umalize. Hakuna atakayeingia kusoma humo.

Masijala Mstaafu (Ujiji)

Binti yangu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mimi nimetumika masijala za serikali hapa Kigoma mpaka nikastaafu, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujawasha kiberiti.

Kijana wa Ipuli, chooni hapana. Karatasi nyingi hujaza shimo kabla ya wakati, na siku gari la kunyonya likija zinaziba mpira. Kuzika nako si kuteketeza. Mchwa wa Tabora tunawajua, lakini mchwa hula anapopenda na kuacha anapopenda, na fungu lililobanana kwenye udongo mkavu hukaa miaka likiwa linasomeka.

Ila kabla ya njia, kuna kuchambua, na hapo ndipo nimeona familia zikiumia. Kwanza, mirathi haijafungwa. Basi hakuna karatasi ya kuteketezwa hata moja mpaka kaka yako apeleke hesabu na mahakama ifunge shauri. Tandika mkeka, mkae ndugu wawili au watatu, mpitie karatasi mojamoja. Usipite na fungu zima kwa kuangalia ya juu.

Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo na ya kustaafu, zote weka. Mafao hukokotolewa kwa tarehe na mishahara iliyomo humo, na kukiwa na mapunjo, hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yake. Hati za mshahara za miaka ya mwisho weka pia. Za miaka ya katikati, kama mafao yamelipwa yote na hakuna dai, zinaweza kwenda.

Hati ya kiwanja, ofa (barua ya kugawiwa kiwanja), risiti za kodi ya pango la ardhi: zisiondoke nyumbani. Na hapa sikiliza vizuri. Usidharau karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Huku kwetu shamba huuzwa kwa karatasi ya namna hiyo, mashahidi wameweka dole gumba, pengine na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Ndiyo hati yenyewe. Nimemwona mjane akihangaika na mipaka kwa sababu watoto walifagia karatasi kama hiyo wakidhani ni takataka. Madai ya ardhi kwa sheria yetu yana ukomo wa miaka 12, na ya mkataba miaka 6, kwa hiyo hata makaratasi ya madeni yasubiri muda wake upite. Kama mzee alikuwa na biashara, kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5.

Pili, si kila kilichomo kwenye masanduku hayo ni cha baba yako. Ukikuta faili au barua za ofisi ya reli, hizo ni nyaraka za umma. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inakataza kuziteketeza bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Zirudishe. Madaftari ya mbolea ni ya chama na wanachama wake. Hayo hukabidhiwa, hayachomwi. Huenda kuna mkulima anayedaiwa deni alilokwisha kulipa, na risiti yake pekee imo humo.

Sasa yale yaliyobaki kweli ya kuondoa. Kuchana kwa mikono peke yake hakutoshi. Mwaka 1979 wanafunzi wa Irani walipouteka ubalozi wa Marekani mjini Tehran walikuta nyaraka zimekatwa na mashine vipande virefu vyembamba. Waliviunganisha tena kwa mikono, kipande kwa kipande, hadi wakachapisha vitabu. Mtu mwenye nia na muda ataunganisha vilivyochanwa mara nne.

Moto una hila zake. Fungu likiingia likiwa limebanana huungua kingo tu, katikati hubaki jeupe kwa kuwa hewa haipiti. Na karatasi iliyogeuka kaa bila kuvunjika, maandishi yake huonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Ukilazimika kuchoma, tumia pipa lililotobolewa chini na ubavuni, kunja moja moja, funika kwa wavu wa chuma, fanya alfajiri kabla upepo haujaamka, kisha majivu uyaponde na kuyamwagia maji. Lakini kwa mtaa uliobanana na mzigo kama huo, mimi nakushauri maji. Wapo humu wanaojua hilo kwa vitendo kuliko mimi.

Mama Mkaa Mbadala (Mwandiga)

Shikamoo mzee wangu wa Ujiji. Dada, karatasi kwangu ndiyo malighafi, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Toa pini zote na vibanio vya chuma, vitakukata vidole. Chana vipande visivyozidi kiganja, ukihakikisha jina na namba vimetengana. Jaza pipa nusu, mimina maji ya moto kama unaweza, yafunike yote, acha mpaka karatasi ikatike yenyewe ukiivuta. Usitarajie maji yafute maandishi. Wino wa mashine ya kutolea vivuli hautoki kwa maji, na wa kalamu ya bik hautoki kirahisi. Kinachofuta ni kutwanga, kwa sababu nyuzi za karatasi zikisambaratika hakuna herufi inayobaki nzima. Kwa hiyo twanga kwenye kinu cha zamani kisichotumika tena kwa chakula, mpaka iwe kama uji mzito. Kamua, na maji yake usimwage, yalowekee fungu linalofuata. Najua hapo Tabora hata baada ya maji ya Ziwa Victoria kufika, ndoo bado ni hela.

Ile rojo changanya na vumbi la mkaa, lile linalobaki chini ya viroba kwa wauza mkaa. Finyanga madonge, bana sana maji yatoke, anika juani. Kiangazi hiki yatakauka vizuri, na utapikia maharage.

Kaboni, picha, na karatasi yenye nailoni haziloweki, usihangaike nazo. Zikate kwa mkasi vipande vidogo, uvichanganye na taka tofauti kwa siku tofauti. Vitambulisho vilivyofunikwa kwa plastiki na kadi ya benki vilevile: kata katikati ya namba, katikati ya picha, na ile chipu. Usichome plastiki, moshi wake una sumu.

Binti wa Isevya (Tabora)

Asanteni mno, Mungu awabariki. Kumbe nilikuwa nafikiria mwisho wa kazi kabla ya mwanzo. Nimemweleza baba mdogo habari ya ile karatasi ya shamba, amenyamaza, kisha akasema naye atakuja kukaa mkekani kuchambua, kwa sababu anawajua mashahidi.

Mzee wangu, maswali mawili. Chini ya sanduku nimekuta barua za babu kwa herufi za Kiarabu, na karatasi nyingine zina aya za Qur'ani. Kisha madaftari ya chama: niyapeleke tu kwa katibu wa sasa?

Masijala Mstaafu (Ujiji)

Zenye aya zitenge leo hii kwenye mfuko safi, zisichanganyike na pipa. Muone imamu wa mtaa wenu, atawaelekeza zizikwe mahali pasipokanyagwa au zichomwe kwa heshima.

Barua za babu usiteketeze hata moja kabla hazijasomwa. Wazee wetu wa Ujiji na Tabora waliandika Kiswahili kwa herufi hizo, na mara nyingi si barua za salamu tu. Unaweza kukuta wasia, au hati ya kuuziana kiwanja na miembe yake. Tafuteni mwalimu wa madrasa mtu mzima anayeijua hati ya zamani. Zikionekana ni za thamani, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina kubwa ya maandishi ya namna hiyo, waulizeni.

Madaftari usiyakabidhi mkono kwa mkono tu. Yana majina na alama za vidole vya watu, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Andika orodha: daftari la msimu upi, lina kurasa ngapi. Nenda na kaka yako, afisa ushirika wa wilaya awepo. Toa nakala mbili za orodha hiyo, katibu asaini na kugonga muhuri zote mbili, moja ibaki kwenu.